Nusu Moja kwa Mama, Nusu Moja Msikitini

Alhamisi, Oktoba. Kibiti.

Jua la leo limekuja na hasira. Feni ya dukani inanipulizia joto lilelile tangu asubuhi, karatasi zinajikunja kwenye mashine, na kazi za watu naziharibu moja baada ya nyingine. Kuna baba mmoja nimemtolea kopi ya kitambulisho nusu uso. Akaiangalia, akacheka, akasema, "Dada Roketi, leo umeshapaa." Nikacheka naye ili aondoke.

Sikuwa nimepaa popote. Mawazo yangu yote yalikuwa kijijini kwetu, kata ya Mbuchi, kwenye kibaraza cha mama, ndani ya chombo cha maji.

Nayaandika haya hapa kwa sababu sina pengine pa kuyatua. Wanaonisoma siku zote wananijua: mwanamke mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi ya Kibiti, jioni anaandika habari za roketi zinazokwenda na kurudi. Kama umeingia leo kwa mara ya kwanza, karibu, ila umenikuta siku mbaya.

Mapenzi yangu na roketi yalianza na video moja tu. Niliona mnara mzima wa chuma ukishuka kutoka mawinguni, unawasha moto chini yake, unapunguza mwendo, unatoa miguu, unatua wima juu ya jukwaa lililokuwa linaelea baharini. Nilirudia kuitazama mpaka kifurushi changu cha intaneti kikaisha. Nikanunua kingine.

Nilipokwenda nyumbani nikamwonyesha mama. Akasema, "Astaghfirullah! Hebu irudishe, nione tena." Mdogo wangu Seif, ambaye ndiye anayeishi na mama, alitaka kujua faida yake. Seif ni mvuvi wa kaa, kila kitu kwake lazima kiwe na faida. Nikamwambia, fikiria boti ya kwenda Mafia. Ikifika, abiria wanashuka, halafu nahodha anaizamisha, na safari ijayo inaundwa boti mpya. Nauli ingekuwa shilingi ngapi? Nani angepanda?

"Hao wangekuwa wendawazimu," Seif akasema.

Ndivyo walivyokuwa wanafanya miaka yote, nikamwambia. Sasa wamejifunza kuirudisha. Inafutwa masizi, inakaguliwa, inajazwa mafuta, inakwenda tena. Ndiyo maana gharama za kupeleka mzigo angani zinashuka, na iko siku mtu wa kawaida atakata tiketi. Seif akauliza kama na yeye ni mtu wa kawaida. Mama akamwambia amalize kwanza kuezeka choo.

Tulicheka sana siku ile.

Ila kuna jambo sikuwaambia, kwa sababu lilikuwa linaharibu utamu wa hadithi. Inayorudi ni sehemu ya chini. Ile ya juu, inayofikisha mzigo wenyewe, mara nyingi bado inaachwa. Na kuna roketi nyingi za mtindo wa zamani ambazo hazirudishi hata msumari. Vipande vyake vinashuka, vingi vinaungua njiani, vingine haviungui. Vinaangukia baharini, na bahari ni kubwa. Hayo niliyasoma kwa haraka, kama mtu anavyopita kwenye kurasa zisizo na picha.

Upepo wa kusi wa mwaka huu ulisukuma kitu mpaka kwenye mikoko yetu. Seif alikikuta kimebanwa kwenye mizizi, maji yakiwa yamepwa, alipokuwa anatafuta kaa. Kilikuwa cheusi, cha mviringo kama boga, kikimfikia mtu kiunoni, chepesi kuliko ukubwa wake, na kina uwazi mdogo upande mmoja. Akakifunga kamba nyuma ya mtumbwi, akakikokota hadi diko, pale mitumbwi yetu inapofikia.

Kwetu kitu kikubwa kilichookotwa majini hakiingii nyumbani kizima. Kinatolewa fungu msikitini kwanza, ili kisije na balaa ndani ya nyumba. Nimekua nikiona hivyo: gogo likigawanywa, kamba za meli zikikatwa, hata madumu yanahesabiwa. Seif hakuwa na haja ya kuambiwa. Alichukua msumeno wa chuma akaanza kukikata katikati kupitia ule uwazi, kazi iliyomshinda siku ya kwanza akaimalizia ya pili. Ndani kulikuwa na chuma cheupe, laini, kisicho na kutu. Akapata makarai mawili makubwa ambayo hakuna fundi yeyote huku angeweza kuyatengeneza.

Nusu moja akampa mama, iwe ya maji ya kunywa. Nusu ya pili akaipeleka msikitini, kwa sababu birika la kutawadhia lilikuwa limepasuka na watu walikuwa wanatumia ndoo.

Mwezi huu ndio wenye shida ya maji kwetu. Mto umekonda, maji ya chumvi yanapanda mpaka mbali, na anayetaka ya kunywa lazima apige kasia juu sana, asubiri yapwe kabisa ndipo achote. Kabla ya karai hilo mama alikuwa na mtungi mmoja na ndoo ya rangi iliyokatika mkono. Sasa Seif akienda mara moja, maji yanakaa siku kadhaa. Unaweza kuelewa furaha iliyokuwapo.

Picha ilinifikia Jumapili. Mama amesimama kibarazani na kata mkononi, kavaa kanga yake ya Idd, na mbele yake lile karai limejaa. Seif alituma na sauti: "Dada, tumepata kitu chako. Nilipokiona tu nikajua, hiki ndicho kile cha dada."

Nami nikakijua papo hapo. Zile nyuzi nyeusi zilizozungushwa zikapishana, kama ukili unaposukwa, nimeziona kwenye picha mara nyingi. Ni tangi dogo la ndani ya roketi. Nitasema ukweli, nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi. Miaka yote nawatazama wenye roketi kwa mbali, leo mama yangu anachota maji kwenye kipande chao! Nikaiweka picha hapa bloguni. Nikaandika maneno mengi ya kujidai ambayo nimeyafuta.

Jumanne msomaji mmoja aliacha maoni mafupi. Aliandika kwamba vitu vya namna hiyo havitakiwi kuguswa. Kwamba baadhi ya matangi hayo hubeba mafuta yenye sumu kali, na mtu hapaswi hata kuyasogelea bila kujikinga.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nimesoma kila nilichoweza kusoma. Mengi ya matangi ya umbo lile hubeba gesi tu, gesi isiyo na madhara, ya kusukumia mafuta. Machache hubeba mafuta yenyewe. Ya mafuta yanaingia mwilini kwa kuvuta hewa yake, kwa kuyagusa, kwa kuyanywa. Yanadhuru ini, yanadhuru mapafu. Inasemekana yana harufu ya mkojo uliochacha, au ya samaki. Lakini pia tangi likikaa sana baharini na likafunguka, huenda kilichokuwamo kilishaondoka zamani. Huenda. Neno hilo nimelisoma mpaka nimelichukia.

Nikampigia Seif. Kijijini mtandao unashika pale dikoni tu, kwa hiyo unapiga, unaambiwa hapatikani, unapiga tena, mpaka umkute ameshuka kwa shughuli zake. Nilimpata jana asubuhi. Nikamuuliza, alipokikata kile kitu kilikuwa kinanuka?

"Kilinuka kidogo."

Kinanuka nini?

"Shombo."

Nikakaa chini. Nikamwambia ajaribu kukumbuka, shombo ya kawaida au namna nyingine? Akanicheka. "Dada, mie nilikuwa nakata dikoni, kando ya kaa. Hapa petu kipi hakinuki shombo?"

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Ile dalili pekee ambayo dunia nzima imepewa ya kujihadhari, kwetu haina kazi.

Nikamuuliza afya yake. Akasema mzima, ila anakohoa tangu alipokata, lile vumbi jeusi lilimwingia kooni na mikono ikamuwasha kama kaguswa na upupu. Ngozi ya viganja imebambuka. Yeye anasema ni vumbi tu, na inawezekana ni vumbi tu, hata hilo nimesoma kwamba nyuzi zile zinawasha. Nikamwambia aje Kibiti, nimpeleke hospitali. Akasema kaa wamechangamka, atakuja wakipungua. Nikamwambia angalau wasinywe yale maji. 

"Lakini si wewe uliyetuambia vinatumika tena?"

Hakusema kwa ubaya. Seif hana ubaya. Alikuwa anauliza kweli, mtu anayejitahidi kuunganisha aliyoambiwa mwaka jana na anayoambiwa leo. Nilimweleza kwamba zile zinazotumika tena ni zinazorudi kwa wenyewe, zinapokewa na mafundi waliovaa glavu, wanajua kila bomba lilibeba nini. Hii haikurudi kwa mwenyewe. Akasema, "Basi sisi tungejuaje?" Simu ikakatika.

Jana hiyohiyo nilifunga duka nikaenda kuuliza kwenye ofisi za serikali. Ofisi ya kwanza walinipeleka ya pili. Ofisi ya pili kijana mmoja mpole alitazama picha, akasema kazi nzuri, nikileta hicho kitu wataangalia. Nikamwambia naogopa kukipakia kwenye boti ya abiria. Akasema basi asubiriwe mtaalamu, atakuja usafiri ukipatikana. Simlaumu. Na yeye ndiyo mara yake ya kwanza kuona kitu cha namna ile, alikuwa ananiangalia mimi nimfundishe.

Jioni nikaandika kwenye majukwaa ya wenzangu wa nje, wale tunaoshangilia pamoja roketi zikitua. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikaeleza yote. Wakaanza kubishana ni cha roketi gani, ya nchi gani, ya mwaka gani. Walibishana kwa furaha kabisa. Mmoja aliniuliza kama kinauzwa. Hakuna aliyeuliza mama yangu amekunywa kiasi gani.

Niliwahi kuulizwa hapa na wasomaji, mtu wa kawaida ataenda lini angani kwa bei nafuu? Nikawajibu kwa mbwembwe kwamba si mbali, roketi zitaruka kama mabasi ya Kusini. Sasa nawaza hayo mabasi. Kila yanapopita yanadondosha vitu, na watakaoviokota ni watu wa aina ya Seif, wanaofurahia chuma kisichoshika kutu. Wanasema za baadaye zitarudi nzima, juu na chini, hakuna kitakachoachwa. Naliamini hilo. Nimeliandika mara nyingi, na sijabadilisha mawazo. Lakini ya baadaye hayamsaidii mama anayekunywa leo.

Leo asubuhi Seif alimleta mama mpaka dikoni ili tuzungumze. Nilimsikia anahema, njia ile ina tope na magoti yake si ya kutembea huko. Nilimwamkia, nikamweleza polepole. Nilijiandaa kwa ubishi. Mama hakubisha.

"Mwanangu, wewe umesoma. Ukisema nimwage, namwaga."

Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema vizuri, tumbo tu limemsumbua wiki hii, lakini tumbo lake mbona linamsumbua siku zote. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama hataki Seif asikie, kwamba kijana alipiga kasia toka alfajiri kuyaleta yale maji, itamuuma. Akarudi, wakamwaga. Seif amenitumia picha ya karai limefunikwa kifudifudi nyuma ya nyumba na jiwe juu yake. Nilidhani nitapumua.

Ikabaki ile nusu ya msikitini.

Kile si cha Seif tena. Kimetolewa, kimesomewa dua, na aliyetoa hawezi kwenda kukidai kama mtu aliyeazima jembe. Mwenye kauli ni Maalim Bakari, imamu wetu, ambaye pia ndiye aliyenifundisha alifu na bee nilipokuwa na meno ya utoto. Kesho ni Ijumaa. Watu wa kijiji kizima na wa visiwa vya jirani wataswali pale. Kila mmoja atachota, atasukutua, atapandisha maji puani, ataosha uso. Mtu akitaka kubuni njia ya kuingiza kitu mwilini mwa wanaume wote wa kijiji kwa saa moja, asingepata nyingine bora.

Nilimpata Maalim baada ya adhuhuri, aliposhuka dikoni. Shikamoo, marahaba, habari za Kibiti, biashara inakwendaje, bado hujaolewa tena? Yote tukayapita. Kisha nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo ofisini hawakulifanya. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mwanangu, unajua kama kina sumu, au unadhani?"

Nikasema nadhani.

"Una hakika?"

 Nilisikia mtu anapigilia msumari kwa mbali, upande wake wa simu. Nikasema, "Sina, Maalim."

Akasema ananielewa na anashukuru. Akasema nikiwa na hakika, nimwambie, hata usiku huu atashuka tena dikoni na simu, na atakitoa saa hiyohiyo kwa mikono yake. Lakini kwa dhana hawezi. Sadaka ya mtu ikitolewa nje ya msikiti siku ya Ijumaa mbele za watu, wataanza kuulizana Seif alileta nini na alikuwa na nia gani, na maneno kama hayo yakianza kijijini hayazimiki. Akaniomba tuwe na subira, mtaalamu aje aseme. Hakunidharau hata kidogo. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angenidharau, ningepata wa kumkasirikia.

Nikampigia Seif nikamwambia basi, angalau wewe kesho tawadha nyumbani, utoke umeshatawadha.

"Haiwezekani, dada. Mie ndo niliyekitoa. Watu wakiona nakikwepa watasema nimewapa kitu kibaya, nikakijua, nikanyamaza." Akakohoa, akaomba radhi, akaendelea. "Kesho n'tatangulia mie. Wakiniona mie nasukutua, hawatakuwa na wasiwasi."

Nilimwambia ndiyo maana namwambia asisukutue. Akasema amenielewa, lakini nimwelewe na yeye. Kisha akaniambia nisijitese, akasema Mungu yupo.

Nimenunua pipa la plastiki la bluu, lenye mfuniko, liko hapa dukani limekaa kama mteja. Kesho nalipeleka. Lakini boti ya upande wetu inaondoka maji yakijaa, na kesho yanajaa alasiri. Nitafika watu wameshaswali, wameshatawanyika, wanakula. Nimeuliza kama kuna mwenye boti ndogo anayeweza kunipeleka mapema. Wote wananijibu kitu kimoja, kwamba maji yakipwa mkondo wa kwetu ni tope, labda niruke na hizo roketi zangu. Walinitania tu, hawajui.

Maalim aliniachia mlango wazi kabisa. Alitaka neno moja kutoka kwangu. Ningesema ndiyo, nina hakika, saa hii karai lile lingekuwa nje limefunikwa kama la mama. Naye angeniamini bila kuuliza la pili, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenichapa nikiwa mdogo kwa kusema uongo, na tangu hapo anajua sisemi. Nimeishika simu tangu nifunge duka. Nikipiga nikasema nimepata hakika, kitatolewa. Na mtaalamu akija akasema kilibeba hewa tu, Seif atabaki kuwa mtu aliyesemekana kuleta sumu msikitini, na dada yake wa damu ndiye aliyelisema hilo. Nisipopiga, halafu mtaalamu akija akasema lile lingine?

Hakuna wa kuniambia nini kilikuwa ndani. Waliokirusha wanajua. Sijui hata ni kina nani.

Nimeandika mpaka hapa na bado sijapiga. Watu wa stendi wameanza kufunga vibanda, na huko kwetu sasa hivi bila shaka mama anamkaripia Seif kwa kukohoa juu ya chakula. Seif atalala mapema, ana Ijumaa. Kesho atavaa kanzu yake nyeupe, atakwenda kabla ya wengine, atachota kwa viganja vile vilivyobambuka, na atakuwa wa kwanza kusukutua.